Fimbo mbili za urani zilizotoweka Kinshasa: uzio ndio ulioshindwa, au mwenye ufunguo?

#1 Mkaazi wa Kigamboni
Salaam wakuu. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika hakikujengwa Misri wala Afrika Kusini. Kilijengwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kikawashwa Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kongo, na kikapewa jina la TRICO. Kilipozimwa mwaka 1970, kikafuatiwa na TRICO II yenye uwezo wa megawati 1, iliyowashwa mwaka 1972. Vyote viwili ni vinu vya utafiti vya aina ya TRIGA, vilivyobuniwa na kampuni ya General Atomics ya Marekani. Havikukusudiwa kuzalisha umeme, bali mafunzo, utafiti na isotopu, yaani vitu vyenye mionzi, za tiba na kilimo.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba fimbo mbili za urani, ambazo ndizo kuni za kinu, zilitoka katika kituo hicho na hapakutokea kelele yoyote. Mwaka 1998 polisi wa Italia, wakijifanya wanunuzi, waliikamata moja mikononi mwa watu wa Mafia, na nambari iliyochongwa juu yake ikaonyesha kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya Kinshasa. Ya pili haijaonekana hadi leo. Dai langu ni kwamba hakuna aliyeruka ukuta. Aliyekuwa na ufunguo ndiye aliyefungua. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, lakini asije na hisia.

#2 Fundi Darubini
Mleta mada, umeuhukumu ufunguo mapema mno. Taarifa ya ubalozi wa Marekani mjini Kinshasa ya mwaka 2006, iliyovuja na kuchapishwa mwaka 2010, inaeleza uzio wenye matundu, ambao sehemu nyingine haupo kabisa, usio na taa usiku, usio na seng'enge juu wala kamera. Wanafunzi walikatiza ndani ya eneo hilo kufupisha njia, na wakulima walilima muhogo kando ya jengo la kuhifadhia taka za mionzi. Mahali ambapo mtu huingia na jembe asubuhi na kutoka na kikapu jioni bila kuulizwa jina, sioni kwa nini tuanze kumsaka mwenye ufunguo.

#3 Bi Kisamvu
Kabla hamjaendelea na fimbo zenu, naomba nielezwe huo muhogo uliishia sokoni gani na majani yake yalipikwa na nani. Jina langu linanipa haki ya kuuliza.

#4 Fundi Darubini
Bi Kisamvu, muhogo haupati madhara kwa kuota karibu na jengo lililofungwa vizuri. Hatari huja pale chombo kinapovuja na kuchafua udongo au maji, na hapo mmea hufyonza. Kulimwa kwa muhogo pale si habari ya chakula bali ni habari ya ulinzi, kwa sababu kanuni ya kwanza ya uzio wa namna hiyo ni kuachiwa uwanja mtupu pande zote mbili, ili anayeukaribia aonekane.

#5 Mwana wa Likasi
Nawasalimu kutoka Katanga. Ndugu Fundi, hoja yako ina ufa. Hali ya uzio mwaka 2006 haiwezi kutueleza hali ya uzio siku fimbo zilipotoka, mpaka kwanza tukubaliane zilitoka lini. Taarifa hiyo hiyo unayoitaja inauweka wizi mwaka 1998. Maelezo mengine yanaurudisha hadi miaka ya 1970. Ukichukua ya kwanza, unazungumzia nchi iliyokwisha kuporomoka, Rais Mobutu ameondoka mwaka uliotangulia, na vita vya pili vinaanza Agosti. Ukichukua ya pili, unazungumzia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, yenye fedha za shaba, chuo chenye heshima na kinu kipya kilichokuwa kinaonyeshwa kwa wageni wa serikali. Huo si wizi mmoja wenye tarehe mbili. Ni wizi wa aina mbili tofauti kabisa.

Tena mwaka 1998 ndio mwaka wa kukamatwa kwa fimbo Italia. Nina wasiwasi kwamba mwandishi wa ile taarifa alichukua mwaka wa kupatikana akaufanya mwaka wa kuibwa.

#6 Mkaazi wa Kigamboni
Namshukuru ndugu wa Likasi kwa kunisaidia bila kukusudia. Kama ni miaka ya 1970, uzio ulikuwa bado mzima, na kwa hiyo tunabaki na ufunguo.

#7 Mwana wa Likasi
Sikukusaidia. Nimesema tarehe haijulikani, wewe umeichagua inayokupendeza.

#8 Mlinzi Mstaafu
Nimefanya kazi ya ulinzi kwa muda mrefu, na miaka ya mwisho nilikuwa katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokuwa na vyanzo vya mionzi vya kupimia ujazo wa matangi. Karatasi zilisema stoo ina kufuli mbili na funguo mbili kwa watu wawili, na kila ufunguo unaotoka unaandikwa daftarini pamoja na saa na sahihi. Hali halisi ni kwamba funguo zote mbili zilining'inia kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango wa msimamizi, kwa sababu yule wa pili alikuwa akichelewa kazini na shughuli haziwezi kumsubiri. Daftari lilijazwa Ijumaa kwa wiki nzima. Hakuna kilichoibwa. Lakini kama kingeibwa, daftari lingeapa kwamba kipo.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada nusu. Ufunguo, ndiyo, ila si lazima mwenye ufunguo awe mwizi. Inatosha awe mtu mwema anayeazimisha.

#9 Hesabu Kwanza
Mjadala unakwenda bila mizani, basi niilete. Fimbo iliyopatikana Italia ilikuwa na gramu 190 za urani iliyorutubishwa kwa kiwango kisichofika asilimia 20. Hiyo ni takriban gramu 38 za urani-235, aina ya urani inayowasha kinu au bomu, na kurutubisha ni kuiongeza hiyo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, linahesabu kwamba kwa urani iliyo chini ya asilimia 20, kiasi kinachotosha kutiliwa shaka ya bomu ni kilo 75 za urani-235. Gawanyeni: mwizi angehitaji karibu fimbo elfu mbili, kisha mtambo wa kuirutubisha zaidi.

Sasa tazameni sheria yenyewe. Mkataba wa Ulinzi wa Nyenzo za Nyuklia, uliofunguliwa kutiwa saini Machi 1980, unagawa nyenzo katika daraja tatu. Kwa urani iliyorutubishwa kati ya asilimia 10 na 20, kilo 10 za urani-235 au zaidi huingia daraja la pili, ambalo linataka ulinzi wa saa zote wa askari au vifaa, kizuizi kinachozunguka eneo, na milango michache. Zaidi ya kilo 1 na chini ya kilo 10 ni daraja la tatu, ambalo linataka tu eneo ambalo watu hawaingii ovyo. Chini ya hapo huachwa kwa busara ya kawaida ya mwenye mali. Tuseme kituo kina fimbo mia moja: ni kama kilo 3.8, yaani daraja la tatu. Kisheria, kile tunachokililia hapa hakikuwahi kudaiwa askari mwenye bunduki.

#10 Bi Kisamvu
Kwa hiyo Mafia walitaka mamilioni ya dola kwa kitu ambacho sheria inakiacha kwa busara ya kawaida. Biashara nzuri hiyo.

#11 Kipanga wa Pretoria
Hesabu Kwanza, namba zako ni sahihi, lakini zinatuliza watu kupita kiasi. Ulinzi haupimwi kwa bomu peke yake. Na kwa wale wanaodhani tatizo ni umaskini wa Kinshasa, niwaletee Pelindaba, magharibi mwa Pretoria, mahali ambapo Afrika Kusini imehifadhi urani ya kiwango cha juu iliyobaki baada ya kuvunja mabomu yake sita, yale ambayo Rais de Klerk aliyatangaza bungeni Machi 1993.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Novemba 2007, watu wanne wenye silaha walipita uzio wa umeme wa volti 10,000 baada ya kuuzima, wakakaa ndani kwa dakika zipatazo 45, wakafika hadi chumba cha kudhibiti dharura, wakampiga risasi ofisa mmoja kifuani, kisha wakatoka walikoingilia. Ofisa huyo alipona. Usiku huo huo kundi la pili lilijaribu kuingia upande mwingine wa eneo, likakimbia lilipofyatuliwa risasi. Walichojaribu kuchukua ni kompyuta, na hata hiyo wakaiacha. Wakuu wa kituo walisema ni wezi wa kawaida. Mimi niulize: mwizi wa kawaida anajuaje pa kuuzimia uzio wa aina ile, na makundi mawili ya wezi wa kawaida yanakutanaje usiku mmoja mahali pamoja?

#12 Mlinzi Mstaafu
Pelindaba inanirudisha kwenye daftari langu. Uzio wa umeme ni kifaa, na kila kifaa kina mtu anayejua kukizima ili kikarabatiwe. Ukitaka kujua nani angeweza kuingia, usihesabu nguzo, hesabu waliowahi kupewa zamu.

#13 Fundi Darubini
Mzee, kwa mwendo huo kila wizi duniani utakuwa wa mtu wa ndani, na hoja isiyoweza kushindwa na tukio lolote haitusaidii kuchagua. Wapo walioingia bila mtu wa ndani. Tarehe 28 Julai 2012, huko Oak Ridge, Tennessee, mtawa wa miaka 82, Megan Rice, na wenzake wawili walikata nyaya za uzio mmoja baada ya mwingine hadi ukutani mwa jengo la Y-12 linalohifadhi urani ya mabomu ya Marekani, wakaandika maneno ya amani na kumwaga damu ukutani. Hawakuwa na ufunguo. Kamera zilikuwa mbovu, na ving'ora vilikuwa vimezoea kulia kwa sababu ya wanyama mpaka walinzi wakaacha kuvitilia maanani.

#14 Mizigo na Makasha
Hilo la ving'ora nalijua kwa macho yangu. Nipo kwenye shughuli za kutoa mizigo bandarini, na malori yetu hupita katikati ya nguzo za kupimia mionzi. Zikilia, dereva anasimamishwa, kasha linarudi pembeni, ofisa anakuja na kipimo cha mkononi. Karibu mara zote ni vigae vya sakafuni, mbolea au mchanga wa viwandani, vitu vyenye mionzi ya asili. Mwanzoni kila mtu alikimbia. Siku hizi madereva hutumia muda huo kunywa chai. Nawauliza wataalamu: fimbo ya gramu 190 ya urani, ikifungwa ndani ya madini ya risasi, yale mazito yanayozuia mionzi, katikati ya kasha la vigae, ingelia kwa sauti gani iliyo tofauti?

#15 Hesabu Kwanza
Swali zuri, ila jibu lake halifai kuandikwa hadharani kwa kirefu. Itoshe kusema kwamba nguzo hizo hazikuwekwa ziwe kinga ya kwanza. Ziliwekwa baada ya kukubali kwamba kinga ya kwanza, yaani stoo na daftari, imekwisha kushindwa mahali pengine.

#16 Mwana wa Likasi
Watu wa kwetu wakisikia urani hawafikirii Kinshasa, wanafikiria Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi. Ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Marekani. Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi huo, alikwisha kupeleka takriban tani 1,200 za mawe yake Staten Island, New York, mwaka 1940, kabla hata Wamarekani hawajabisha hodi. Wabelgiji waliufunga mgodi kabla ya uhuru. Miaka mingi baadaye wachimbaji wadogo wakauingia wakitafuta kobalti, Rais Joseph Kabila akaufunga kwa amri Januari 2004, na Julai mwaka huo huo ukaporomoka na kuua watu waliokuwa bado wanachimba. Amri ya rais ilikuwepo. Walinzi je?

Nayaleta haya kwa sababu magazeti huchanganya mawe ya Shinkolobwe na fimbo za Kinshasa. Machi 2007 mkuu wa taasisi ya nishati ya atomiki ya Kongo na msaidizi wake walishikiliwa kwa tuhuma za biashara ya urani, wakaachiwa siku chache baadaye, na habari zilizoandikwa wakati ule zilitaja fimbo na madini katika sentensi moja. Jiwe la mgodini lina urani-235 ya asilimia 0.7 ya urani yake yote. Haliko katika daraja lolote kati ya yale aliyoyataja Hesabu Kwanza.

#17 Kijana wa Mwembechai
Naongezea tawi jingine. Hivi hamjafikiria kwamba soko lenyewe ni la matapeli? Miaka ya nyuma watu walihangaika na zebaki nyekundu, dutu ya kubuniwa ambayo matapeli huiuza kama kitu cha kutengenezea bomu. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia uvumi ulizuka kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki hiyo, bei zikapanda hadi maelfu ya riyali, watu wakazivizia cherehani za bibi zao. Mjomba wangu naye aliletewa chupa ya bidhaa hiyo na watu waliovaa suti. Alinusurika kwa kuwa hakuwa na fedha. Kwa maoni yangu waliokuwa na fimbo kule Italia hawakuwa na mpango wowote wa bomu. Walikuwa na kitu kimoja halisi cha kuonyesha, ili wauze vingine visivyokuwepo.

#18 Bi Kisamvu
Umaskini wa mjomba umeiokoa familia. Mfikishie salamu.

#19 Mkaazi wa Kigamboni
Ndugu wa Mwembechai ameeleza kwa nini fimbo iliuzwa, hakueleza ilitokaje. Narudi kwenye swali langu.

#20 Msafiri Kimya
Huwa nasoma tu, lakini leo nichangie. Wote mmekubali kwamba fimbo ziliibwa Kinshasa, kwa sababu nambari iliyochongwa inataja shehena ya Kinshasa. Nambari inathibitisha fimbo ilitengenezewa nani. Haithibitishi ilipotelea wapi. Kati ya kiwanda cha California na kilima cha chuo kuna bandari, meli, bandari ya Kongo ya Matadi, reli na maghala. Inawezekana uzio na ufunguo mnavyovibishania havina hatia yoyote. Tena kumbukeni kwamba ule mkataba wa 1980, kabla ya marekebisho ya 2005 yaliyoanza kutumika Mei 2016, ulihusu zaidi nyenzo zinaposafirishwa kati ya nchi na nchi. Waliouandika walijua udhaifu uko njiani.

#21 Hesabu Kwanza
Msafiri Kimya, karibu, ila dhana yako inagonga mwamba mmoja. Makubaliano ya ukaguzi kati ya Zaire na IAEA yalianza kutumika Novemba 1972. Baada ya hapo wakaguzi huja, hufungua daftari na kuhesabu fimbo moja moja, kwa sababu katika kinu cha aina hii kila fimbo ni kitu kinachohesabika. Fimbo isiyofika ingeonekana pungufu katika hesabu ya kwanza kabisa.

Na mwamba huo huo unamgonga mleta mada. Kama ziliibwa miaka ya 1970 kwa ufunguo, mkaguzi aliyefuata aliandika nini?

#22 Fundi Darubini
Hapo ndipo panaponipendeza. Vinu vya TRIGA huwa na fimbo za grafiti, yaani kaboni kama ile ya ndani ya penseli, zenye umbo lile lile, zinazowekwa katika nafasi zisizohitaji urani. Ukiwa juu ya bwawa, chini ya mita kadhaa za maji, unatazama vichwa vya fimbo vilivyopangwa duara, na nafasi iliyojaa haikuambii imejazwa na nini. Sisemi ndivyo ilivyofanyika. Nasema hesabu ya vichwa si hesabu ya urani.

#23 Kipanga wa Pretoria
Mkaguzi makini hupima mionzi, hatazami vichwa. Fimbo iliyofanya kazi hujitangaza yenyewe. Hata ule mkataba unaruhusu kupunguza daraja la ulinzi pale nyenzo iliyotumika inapotoa mionzi zaidi ya greyi 1 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa saa kwa umbali wa mita 1, kwa sababu mwizi angeumia vibaya kabla hajafika mbali.

#24 Fundi Darubini
Kweli kwa vinu vikubwa. TRICO ya kwanza ilikuwa ya kilowati 50 tu. Fimbo iliyokaa katika kinu kidogo hivyo, ikapoa miaka kadhaa, haimzuii mtu kuibeba, na ina urefu wa sentimita 70 na kitu tu na unene usiofika sentimita 4. Inaingia kwenye mfuko wa mwavuli.

#25 Mama wa Kliniki
Naomba mnivumilie, mimi ni mtu wa hospitali. Mnahangaika na urani, ilhali iliyoua watu ni seziamu, dutu yenye mionzi iliyotumika katika mashine za tiba. Goiânia, Brazili, Septemba 1987: kliniki ilihama, ikaacha mashine ya mionzi katika jengo tupu, watu wawili wakaibomoa wauze chuma chakavu, unga uliong'aa rangi ya buluu ukagawiwa kwa majirani na watoto wakajipaka. Wanne walikufa, watu 249 wakakutwa wamechafuliwa, zaidi ya laki moja wakapimwa. Hapakuwa na Mafia, hapakuwa na bomu, na mlango haukuwa na mlinzi kwa sababu wenye jengo na wenye mashine walikuwa katika mgogoro. Ulinzi wa vitu hivi hukatika siku taasisi inapohama, inapofilisika au inapogombana. TRICO ya kwanza ilizimwa mwaka 1970 na ya pili ikawashwa mwaka 1972. Tazameni hiyo miaka miwili ya katikati, na wakaguzi hawajaanza kuja.

#26 Mwana wa Likasi
Mama, umetia tarehe ya tatu mezani, na kwa kweli ni bora kuliko zile mbili za kwanza. Ila inahitaji daftari la mwaka 1972 liwe liliandikwa likiwa tayari limepungukiwa, yaani fimbo hizo zisiwe zimeorodheshwa kabisa.

#27 Mlinzi Mstaafu
Hilo ni jepesi kuliko mnavyodhani. Anayefungua daftari jipya hunakili kilichopo rafuni, hanakili kilichokuwepo.

#28 Kijana wa Mwembechai
Wenzetu Ghana walimaliza ubishi kwa njia nyingine. Mwaka 2017 walirudisha China urani ya kiwango cha juu ya kinu chao cha utafiti, kama kilo moja, wakaweka ya kiwango cha chini. Nigeria wakafanya hivyo Desemba 2018 kwa kinu cha Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria. Kitu kisichokuwepo hakiibwi.

#29 Hesabu Kwanza
Walibadilisha wakaweka ipi? Ya chini ya asilimia 20, daraja lile lile la fimbo za Kinshasa. Stoo bado inahitaji mtu.

#30 Mkaazi wa Kigamboni
Basi nibane swali. Kifungu cha 10 cha Mkataba wa Pelindaba, ule wa kuifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulioanza kutumika Julai 2009, kinazitaka nchi wanachama za Afrika zilinde nyenzo na vituo kwa kiwango kinacholingana na cha mkataba ule wa 1980. Hesabu Kwanza amekwisha kutuonyesha kwamba kwa fimbo moja moja kiwango hicho ni busara ya kawaida. Je, mnakubali fimbo ya gramu 190 ilindwe kwa busara, au tuwadai watunga sheria daraja la nne? Mlinzi Mstaafu, wewe uliyeona funguo kwenye msumari, anza.

#31 Mlinzi Mstaafu
Daraja la nne litaleta fomu ya nne, nayo itajazwa Ijumaa. Mimi ningeanza na kumlipa mtunza stoo mshahara wake kwa wakati, halafu kila robo mwaka atumwe mtu asiyemfahamu, aje bila kutoa taarifa, azipime fimbo kwenye mizani badala ya kuhesabu vichwa.

#32 Fundi Darubini
Na huyo mtu asiyemfahamu, ufunguo wa kuingilia atapewa na nani?